Kiunzi cha Darasa Jipya

Kila asubuhi, kabla ukungu haujainuka juu ya migomba ya Izigo, Kokushubila alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kufagia uwanja, na kumtafuta mdogo wake Damian, ambaye siku zote alijificha nyuma ya mbuzi ili asioshwe miguu. Kisha waliondoka pamoja kwenda shuleni, dada amebeba kikapu cha samadi ya shamba la shule, mdogo amebeba daftari lake moja kifuani kama yai.

Mwaka ule, 1975, watoto wa darasa la kwanza walikuwa wengi kuliko vyumba. Damian na wenzake mia moja na kumi walisoma chini ya mparachichi. Mvua ilipokuja walikimbilia kanisani, na mara nyingine mvua iliwahi kufika kuliko wao. Ndiyo maana kijiji kilikuwa kinajenga darasa jipya. Wanaume walikata nguzo, wanawake waliahidi maji na udongo, mabati yalikwisha kuletwa kutoka Bukoba. Wanafunzi wa darasa la sita, Kokushubila akiwa mmoja wao, walipewa kazi ya kufunga fito.

Jumatatu, Mwalimu Immakulata aliingia darasani amebeba sinia lililofunikwa kitambaa. Alikuwa mwalimu kijana, mwenye sauti ya chini, na wanafunzi walinyamaza ili wamsikie. Alipofunua, watoto wa mbele waliruka.

"Mzimu!" alipiga kelele Rwegasira, mvulana mwenye maneno mengi kuliko wote.

"Ni kuku," alisema mwalimu. "Mlimla ninyi wenyewe siku ya kufunga shule. Mimi nimeomba mifupa tu."

Alikuwa ameichemsha, akaianika, akaiunga kwa uzi na gundi mpaka kuku akasimama tena, bila nyama na bila manyoya. "Hiki kinaitwaje?"

"Mifupa!"

"Mifupa ilikuwa kwenye sufuria. Ikishaungwa hivi, kila mmoja mahali pake, tunaiita kiunzi." Akaliandika neno ubaoni. "Lakini neno hili lina kazi nyingi kijijini hapa. Lina ndugu zake pia: fremu, gofu, mbavu. Nendeni mkaliulize kwa watu. Andikeni ukurasa mmoja. Jumamosi, siku ya kuezeka darasa, Afisa Elimu atakuja kutoka Bukoba, na ukurasa mzuri kuliko zote utasomwa mbele yake."

Kokushubila alihisi moyo ukimpanda. Hakuwa hodari wa kukimbia wala kuimba, na wembamba wake ulimfanya achekwe. Lakini maneno aliyapenda. Walipotoka nje, Rwegasira alimzunguka akicheka. "Jamani tazameni! Kiunzi kinakwenda kutafuta kiunzi!"

"Nenda zako," alisema Shamsa, rafiki yake, binti wa mwenye duka. "Wewe mwenyewe ni debe tupu."

Kokushubila aliendelea kutembea. Alikuwa ameshaamua kwamba ukurasa utakuwa wake.

*

Jumanne mchana walikusanyika kwenye darasa jipya. Nguzo zilikuwa zimesimama, na fundi, Mzee Karugendo, alikuwa amezigawa nafasi kati ya nguzo na nguzo, kila nafasi kwa wanafunzi wawili. Kokushubila na Shamsa walipewa nafasi ya tatu, upande wa mparachichi. Wasichana wote wawili walipiga magoti kidogo kumsalimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Sasa sikilizeni, maana sirudii. Kamba yetu ni ya mgomba. Gamba kavu tu, na liloweshwe mtoni mpaka lilegee kama kitambaa. Ukifunga kavu bila kulowesha, linakatika. Ukifunga bichi, limechanwa tu shinani, leo litakaza vizuri na kukuchekea. Kesho kutwa linanyauka, fundo linabaki na hewa ndani. Mmesikia?"

"Tumesikia."

Walifanya kazi vizuri mpaka katikati. Kamba zilizoloweshwa zikaisha. Mto ulikuwa chini kabisa ya mteremko, na njia ilikuwa na utelezi. Wakati huohuo, Kokushubila alimwona mtu akipita barabarani na mfuko wa zana begani. Alikuwa Mzee Ayubu, mtengeneza mitumbwi, aliyekuja kumwona dada yake na ambaye angerudi ziwani jioni hiyohiyo. Kokushubila alikuwa akimwota tangu Jumatatu. Nani kijijini angejua kiunzi cha mtumbwi kama si yeye?

"Shamsa, tukienda mtoni hatumkuti tena."

"Basi tutamkosa."

Nyuma ya darasa kulikuwa na mashina ya migomba iliyokatwa asubuhi. Kokushubila alichukua kisu, akachana gamba bichi, jeupe, likitiririka maji. Alifunga fundo moja, akavuta. Lilikaza mpaka ufito ukalia.

"Koku! Mzee amesema nini sasa hivi?"

"Jumamosi udongo utafunika kila kitu. Nani ataona?"

Shamsa alitazama huku na huku, akauma mdomo. Kisha akashika upande wa pili wa ufito, kwa sababu Kokushubila alikuwa rafiki yake.

Walikuwa wa kwanza kumaliza. Mzee Karugendo aligonga fito zao kwa kidole, zikalia kama ngozi ya ngoma. "Tazameni nafasi ya tatu!" aliwaita wengine. "Hivi ndivyo ninavyotaka." Wanafunzi wa nafasi ya nne na ya tano walikuja kutazama. Kokushubila hakungoja. Alikwishakimbia barabarani.

Mzee Ayubu alimcheka, lakini alikaa juu ya jiwe akamweleza. "Mtumbwi wetu una uti wa mgongo na mbavu, kama wewe. Mbao ni ngozi tu. Abiria anatazama rangi, mimi natazama mbavu. Ubavu mmoja ukiwa mbovu, ziwa litauona kabla yangu."

Kokushubila aliandika haraka, akifurahi. Sentensi ilikuwa nzuri. Hakuifikiria zaidi ya hapo.

Jumatano aliongeza mengine. Aliandika juu ya gofu la nyumba ya mnunuzi wa kahawa wa zamani, kuta zimesimama bila paa, nyasi zimeota sebuleni. Aliandika juu ya viunzi vya mbio, ambavyo Rwegasira aliviangusha vyote sita siku ya michezo. Nyumbani alimuuliza bibi yake, aliyekuwa ameugua mwezi mzima, naye akainua mkono wake mwembamba kwenye mwanga wa mlango. "Andika jina langu, mjukuu wangu. Mimi ni gofu la mtu. Lakini gofu hili bado linakula ndizi."

Kokushubila alicheka mpaka machozi yakamtoka. Huo ulikuwa mcheko wake wa mwisho wiki ile.

*

Alhamisi, alipokuwa akipita kwenye darasa jipya, jua lilikuwa kali. Aliona kamba za nafasi ya tatu zimebadilika rangi. Zile za chini, walizozifunga kwa gamba lililoloweshwa, zilikuwa zimeshikana na mti kama gome. Za juu zilikuwa zimekunjamana, rangi ya kahawia. Aliweka kidole gumba kwenye fundo moja. Kidole kiliingia.

Akasukuma ufito. Ukacheza.

Alirudisha mkono kama aliyeungua. Alitazama nyuma. Hapakuwa na mtu ila Shamsa, aliyekuwa amesimama mbali kidogo, ameshika daftari.

"Nimeona tangu asubuhi," alisema Shamsa. "Twende tumwambie mzee."

"Atatufukuza mbele ya watu."

"Afadhali atufukuze. Mbona kuzifunga upya ni kazi ya saa mbili tu?"

"Na ukurasa wangu je? Mwalimu atanichagua mimi mwongo?" Kisha akasema neno ambalo alilijutia lilipokuwa bado mdomoni. "Ukisema, nami nitasema kamba mbichi zilikuwa shauri lako."

Shamsa alimtazama. Alifunga daftari lake, akaenda zake, na jioni ile hakumngoja njiani.

Ijumaa, Mwalimu Immakulata alisoma kurasa zote. Mwishoni aliinua mmoja. "Huu," alisema, "umekwenda mpaka ziwani na kurudi. Kokushubila, ndiwe utakayesoma kesho." Darasa lilipiga makofi. Hata Rwegasira alipiga. Shamsa alikuwa akitazama dirishani.

"Kimebaki kitu kimoja tu," mwalimu aliendelea. "Umeeleza kiunzi cha kuku, cha mtumbwi, hata cha insha yenyewe, yaani vichwa vya habari kabla hujajaza maneno. Lakini hujaandika kiunzi cha nyumba, na ninyi wenyewe mnakijenga. Kwa nini?"

Kokushubila aliinamisha uso. "Nitaongeza, mwalimu."

Alibaki kwenye kiti wenzake walipotoka. Aliufungua mdomo. Mwalimu akamtabasamia, na tabasamu lile ndilo lililomfunga. Alichukua daftari akaenda.

Nyumbani, baba yake, Protase, alikuwa amekaa mlangoni akinoa panga kwenye jiwe. Kijijini kote hakukuwa na mtu aliyemzidi kwa kuezeka. Damian alikuwa amekaa kando yake, akimuuliza maswali yasiyokwisha.

"Tata, utapandaje juu bila ngazi?"

"Kuna ngazi gani kubwa kuliko ukuta? Fito ndizo ngazi yangu. Nakanyaga hii, nakanyaga hii, mpaka kwenye mwamba wa paa. Ndipo wananipa mbao."

"Utapanda upande gani?"

"Upande wa mparachichi. Mzee Karugendo anasema huko ndiko fito zimekaza kuliko kote. Nafasi ya dada yako." Akainua uso, akamtazama Kokushubila kwa fahari iliyomchoma kama mwiba. "Sikujua kwamba nina fundi nyumbani."

"Tata..."

"Naam, mwanangu?"

Jiwe la kunolea lilinyamaza. Baba yake alikuwa anamngoja. Kokushubila aliona mikono yake mipana, na kovu la zamani la kisu cha kukatia kahawa, akafikiria mikono hiyo ikishika ufito ambao haukushikwa na kitu.

"Nilitaka kujua mtaanza saa ngapi," alisema.

"Saa mbili."

Basi akajitungia shauri. Angeamka alfajiri, achukue gamba kavu, aliloweshe mtoni, afunge upya peke yake kabla mtu hajafika. Hakuna atakayejua, na hakuna atakayeumia.

*

Kulipopambazuka alikuwa mtoni. Maji yalikuwa ya baridi, na gamba kavu lilikataa kulegea upesi. Alilikanyaga, akalipindua, akangoja, akalitazama jua likija. Alipopanda mteremko, mzigo ukimtiririkia mgongoni, alisikia wimbo, akaongeza mwendo.

Wanawake walikuwa wamekwishafika. Walikuwa ndani ya shimo la udongo, sketi zimefungwa magotini, wakikanyaga kwa pamoja. Afisa Elimu alikuwa amefika mapema, amekaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Mama yake Kokushubila, Theopista, alimpungia mkono wenye tope. "Ulikuwa wapi, Koku? Mwalimu anakutafuta na ukurasa wako!"

Kokushubila aliendelea kwenda. Alikuwa anamtafuta baba yake kwa macho.

Protase alikuwa kwenye nafasi ya tatu. Amevua viatu. Mguu wake ulikuwa juu ya ufito wa kwanza, kisha wa pili. Hizi zilikuwa za chini, zilizofungwa vizuri, nazo zilimbeba kimya. Chini yake, Damian na watoto wenzake wa darasa la kwanza walikuwa wamekusanyika kutazama, vichwa juu.

Ufito wa tatu.

"Tata, shuka!"

Sauti haikufika. Wimbo ulikuwa juu. Kokushubila alitupa mzigo, akakimbia, akapita mbele ya mgeni bila kusalimu. "Tata, shuka! Shuka, itakuangusha!"

Protase aligeuza kichwa. "Nini wewe? Mbele ya wageni unapiga kelele?"

"Mafundo yangu ni mabovu!"

"Acha mchezo, mwanangu. Mzee amezikagua mwenyewe." Akauinua mguu kuukanyaga ufito wa nne.

Hapakuwa na muda wa kueleza. Kokushubila alinyoosha mikono juu, akaushika ufito ule wa nne kabla baba yake hajauegemea, akauvuta kwa uzito wake wote. Haukuhitaji nguvu. Mafundo yalilegea moja baada ya jingine, na ufito ukaja mikononi mwake mzima, kamba zikining'inia kama maganda matupu. Alianguka chali nao.

Wimbo ulikatika. Protase aliruka chini, akabaki anautazama ukuta, kisha watoto waliokuwa chini yake, kisha binti yake kwenye vumbi.

"Ni kamba mbichi," alisema Kokushubila, na sasa maneno yalitoka bila kuzuilika. "Mimi nilizifunga. Nilitaka kumuwahi Mzee Ayubu. Shamsa alinikataza, na Alhamisi alitaka tuseme, nikamtisha. Si kosa lake. Ni langu."

Wanawake walisimama ndani ya udongo. Kokushubila alitamani afunikwe na udongo ule.

Mzee Karugendo alikuja polepole. Aliweka kidole gumba kwenye fundo la nafasi ya tatu, kikaingia. Akaenda nafasi ya nne. Kikaingia. Akaenda ya tano. Kikaingia pia. Akageuka kuwatazama wanafunzi wa darasa la sita, na Rwegasira, wa nafasi ya tano, akainamisha kichwa.

"Tuliwaona wao wamewahi kumaliza," alisema Rwegasira kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. "Tukafanya vilevile."

Kokushubila alishika mdomo. Hakuwahi kufikiria kwamba kosa lake lingeweza kutembea.

"Na mimi niliyakagua mafundo yale siku ileile, yangali mabichi," alisema Mzee Karugendo. "Nikayasifu mbele yenu. Kiunzi hukaguliwa kikikauka. Nilijua hivyo kabla wazazi wenu hawajazaliwa, nikafanya haraka kwa sababu ya siku ya leo." Akavua kofia yake, akamgeukia Protase. "Nisamehe, ndugu yangu. Ningekuua kwa sifa."

Protase alimsaidia binti yake kuinuka, akampangusa vumbi mgongoni. "Jana ulitaka kuniambia," alisema polepole.

"Ndiyo, tata."

"Siku nyingine useme jana."

Kisha akachukua panga, akaanza kukata kamba zote za nafasi tatu.

*

Udongo ulifunikwa kwa majani ya migomba usikauke. Wanafunzi wote wa darasa la sita walishuka mtoni na mizigo ya gamba kavu. Njiani Kokushubila alijikuta kando ya Shamsa.

"Nilisema vibaya," alisema. "Nisamehe."

"Nilikasirika mpaka sikula wali wa mama," alisema Shamsa. "Na ulikuwa wa nazi." Baada ya hatua chache akaongeza, "Shika upande ule. Huo mzigo utatuangusha."

Saa saba fito zote zilikuwa zimefungwa. Kabla wanawake hawajatupa bonge la kwanza la udongo, Mzee Karugendo alimwita Kokushubila. "Pita wewe. Fundo moja moja. Mahali kidole kinapoingia, niite."

Alipita kwenye kuta zote nne, mbele ya kijiji kizima. Kidole chake hakikuingia popote.

Afisa Elimu aliuliza juu ya ukurasa uliokuwa usomwe. Mwalimu Immakulata alimtazama Kokushubila, naye akatikisa kichwa. "Asome Shamsa wa kwake, mwalimu. Wangu haujaisha."

Shamsa alisoma, kwa sauti ya kukwama mwanzoni, na watu wakampigia makofi mikono ikiwa na tope.

Mchana ulipokuwa unakwisha, mwalimu aliwakusanya wanafunzi wake mbele ya ukuta. Udongo ulikuwa umefika mabegani mwao, laini na mbichi. Fito hazikuonekana tena.

"Mmeleta maana nyingi wiki hii," alisema, na kama kawaida wakanyamaza ili wamsikie. "Kuku wangu, mtumbwi wa Mzee Ayubu, gofu, hata bibi yake Kokushubila. Sasa mtazameni huyu. Kuanzia leo, watu wakija hapa watasifu bati na chokaa. Hakuna atakayesifu mafundo yenu, kwa sababu hakuna atakayeyaona. Kazi inayoonekana, macho ya watu huilinda. Kazi iliyofunikwa haina mlinzi ila wewe uliyeifanya. Ukiikosea, sema udongo ukiwa bado shimoni. Leo kusema kumetugharimu asubuhi moja. Kungoja kungetugharimu mtu."

Wanafunzi walimsogelea Kokushubila, bila kumcheka.

Mvua kubwa ilikuja wiki mbili baadaye, saa tatu asubuhi. Kutoka darasa la sita, Kokushubila aliisikia ikipiga mabati mapya, akainuka nusu kwenye dawati bila kujijua. Chini ya mparachichi hapakuwa na mtu. Kupitia mlango wa darasa jipya alimwona Damian, amekaa chini nafasi ya tatu, ameegemea ukuta kwa mgongo wake wote, akinyoosha mkono ajibu swali.

Kokushubila aliketi. Akafungua daftari kwenye ule ukurasa, na mahali palipokuwa wazi akaanza kuandika juu ya kiunzi cha nyumba.